Je, Mchezaji Anaweza Kuthibitisha Kwamba Mashine ya Poka ya Video Inamwibia?

Watu wanaocheza poka ya video hulalamika kwa namna inayofanana mno: mashine ilikuwa ikilipa vizuri kisha ikanyamaza ghafla, mkono mkubwa kuliko yote, yaani mpangilio wa karata wenye malipo ya juu kabisa, haujaonekana kwa muda mrefu, na ile karata iliyohitajika hujitokeza punde tu baada ya mchezaji kuamua kutoisubiri. Nimeyasikia malalamiko haya mara nyingi, na kwa kuwa hesabu ya uwezekano ni kitu ninachokipenda kwa dhati, siwezi kuyatupa kapuni kama wafanyavyo wanaosema kwamba aliyepoteza hakosi la kusema. Ndani yake mna swali la kweli: je, mtu asiye na ruhusa ya kuifungua mashine wala kuisoma programu yake anaweza kutumia kumbukumbu za michezo yake mwenyewe kubaini kama anatendewa haki? Baada ya kulipigia hesabu swali hili kwa muda mrefu, nimefikia msimamo kwamba anaweza kuugundua wizi wa pupa, lakini wizi uliofichwa kwa akili utampita; na kwamba kinachompunguzia fedha kuliko wizi huo mara nyingi kimeandikwa waziwazi mbele ya macho yake.

Poka ya video inafaa kuchunguzwa kuliko mashine nyingine nyingi za kamari. Katika mashine za picha zinazozunguka, mchezaji huona matunda na kengele, lakini hajui kila picha imepewa uzito gani ndani ya programu, hivyo mashine mbili zenye sura moja zinaweza kuwa na viwango tofauti vya malipo bila yeye kuwa na njia ya kujua. Poka ya video, iliyoanza kuenea baada ya kampuni ya mfanyabiashara Si Redd, ambayo baadaye ilijulikana kama IGT, kutoa mashine yake ya Draw Poker mwaka 1979, hutumia karata ambazo kila mtu anazijua. Kanuni za jimbo la Nevada nchini Marekani zinataka mchezo wa mashine unaoiga mchezo halisi uipe kila karata uwezekano uleule ambao ingekuwa nao katika mchezo halisi. Kwa hiyo tunajua tangu mwanzo mashine ya haki inapaswa kufanya nini, na kujua hilo ni nusu ya kazi yote ya takwimu.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mashine hugawa karata 5 kutoka katika 52; mchezaji huchagua za kushika na za kutupa; zilizotupwa hujazwa kutoka katika 47 zilizobaki; kisha mashine hulipa kwa kufuata jedwali la malipo. Katika aina iliyozoeleka zaidi, malipo huanzia kwenye jozi ya ghulamu, yaani karata yenye herufi J, na kupanda: jozi mbili, karata tatu za namba moja, mfululizo wa namba tano, flashi ambayo ni karata tano za aina moja kama vile kopa au shupaza, tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, mfululizo wa aina moja, na juu kabisa flashi ya kifalme, ambayo ni kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za aina moja. Migawo ya kwanza inayowezekana ni 2,598,960, wala si zaidi wala si pungufu, na kati ya hiyo ni minne tu iliyo flashi ya kifalme.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mlalamikaji hulifanya ni kuifanya fedha kuwa shahidi. Anahesabu alichoingiza na alichotoka nacho, anaona tofauti, na kuhitimisha. Fedha ni shahidi mbaya kwa sababu malipo ya poka ya video yametawanyika mno. Chukua mashine inayolipa mara 9 ya dau kwa tatu pamoja na jozi na mara 6 kwa flashi, ambayo wachezaji huiita tisa kwa sita. Kwa anayecheza kila karata bila kukosea na kuweka sarafu tano, yaani dau la juu kabisa, mashine hiyo hurejesha asilimia 99.54 ya fedha zilizochezwa. Lakini mkengeuko sanifu wa malipo ya mchezo mmoja, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni takriban mara 4.42 ya dau. Mtawanyiko huo unatokana kwa kiasi kikubwa na flashi ya kifalme peke yake, ambayo hulipa mara 800 ya dau lakini hutokea kwa wastani mara moja katika michezo kama 40,400.

Maana yake katika vitendo ni nzito. Baada ya michezo 10,000, ambayo ni mingi kwa mtu anayecheza kwa burudani, wastani wa marejesho bado unaweza kuyumba kwa takriban asilimia 8.7 juu au chini ya thamani yake ya kweli, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Mtu aliyepoteza asilimia 6 ya fedha zote alizozungusha katika michezo hiyo hana ushahidi wowote dhidi ya mashine. Akitaka kupima marejesho kwa usahihi wa asilimia moja tu, anahitaji michezo karibu 750,000. Kwa mwendo wa michezo 600 kwa saa, hizo ni saa 1,250 za kukaa mbele ya kioo. Zaidi ya hayo, fedha huchanganya mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa, kwani asilimia 99.54 ni ya mchezaji asiyekosea. Anayetupa karata alizopaswa kuzishika hupata pungufu, na hakuna hesabu ya fedha inayoweza kutenganisha makosa yake na hila za mashine.

Kutoonekana kwa flashi ya kifalme nako hakuthibitishi kile ambacho watu wanadhani kinathibitisha. Anayesikia kwamba hutokea mara moja katika michezo 40,400 huamini kwamba akifikisha idadi hiyo mikono mitupu, ameonewa. Ukweli ni kwamba uwezekano wa kutoipata hata mara moja katika michezo 40,400 kwenye mashine ya haki kabisa ni karibu asilimia 37. Katika michezo 100,000 bado ni zaidi ya asilimia 8. Inabidi afike kwenye michezo kama 121,000 bila kuiona ndipo uwezekano ushuke hadi asilimia 5, kiwango ambacho wanatakwimu huanza kukitilia maanani, na hata hapo mtu mmoja kati ya 20 wanaocheza mashine safi kabisa atakuwa amepitia ukame huohuo. Vivyo hivyo kwa mfuatano wa kupoteza: zaidi ya asilimia 54 ya michezo hailipi chochote, hivyo kupoteza mara 10 mfululizo ni jambo litakalomfika mchezaji mara kama 10 katika kila michezo 10,000. Maumivu ya mfuatano huo ni ya kweli, lakini haujavunja kanuni yoyote.

Shahidi anayefaa ni karata zenyewe, na hasa zile tano za kwanza. Ubora wake ni kwamba haziguswi na ustadi wa mchezaji: awe bingwa au mgeni, mgawo wa kwanza unatoka kwa mashine peke yake. Tena uwezekano wake unajulikana hadi tarakimu ya mwisho. Katika migawo 10,000 ya kwanza kutoka kwenye mashine ya haki, tunatazamia takriban 5,012 isiyo na chochote, 4,226 yenye jozi moja ya namba yoyote, 475 yenye jozi mbili, 211 yenye tatu za namba moja, 39 yenye mfululizo, 20 yenye flashi, na 17 yenye tatu pamoja na jozi au kitu kikubwa zaidi. Makundi ya juu nimeyaunganisha kwa makusudi, kwa sababu flashi ya kifalme katika mgawo wa kwanza hutokea mara moja katika 649,740, na kundi linalotazamiwa kutokea chini ya mara tano hivi huharibu hesabu inayofuata.

Hesabu hiyo ni jaribio la kai-mraba, lililochapishwa na mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900. Kwa kila kundi unachukua tofauti kati ya ulichokihesabu na kilichotazamiwa, unaizidisha kwa yenyewe, unaigawanya kwa kilichotazamiwa, kisha unajumlisha makundi yote. Kwa makundi saba niliyoyataja, jumla inayozidi 12.59 hutokea kwa bahati tu mara 5 katika 100, na inayozidi 16.81 mara moja katika 100. Hakuna kifaa cha ajabu kinachohitajika. Daftari na kikokotoo vinatosha, ingawa kuandika kila mgawo kunachosha na kunapunguza kasi ya kucheza, jambo ambalo mimi naliona kuwa faida.

Wapo wanaopendelea kuhesabu karata moja moja: ree ya kopa imetokea mara ngapi, saba ya uru mara ngapi, hadi zote 52. Ni njia nzuri, ila ina mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata waliosomea hesabu. Karata tano za mgawo mmoja hazitokei kila moja kivyake, kwani ree ya kopa ikishatoka haiwezi kutoka tena katika mgawo huo. Kwa sababu hiyo hesabu za karata katika mashine ya haki huwa zimetulia kidogo kuliko ambavyo jaribio la kawaida linadhani, na jumla ya kai-mraba hutoka ndogo kuliko inavyostahili. Marekebisho ni kuizidisha jumla hiyo kwa 51 na kuigawanya kwa 47 kabla ya kuilinganisha na jedwali la mipaka ya kai-mraba. Asiyefanya hivyo huipa mashine upendeleo bila kujua.

Sasa, uchunguzi huu una nguvu kiasi gani? Ikiwa mashine inapunguza jozi kutoka asilimia 42 hadi 38, migawo 10,000 itaifichua bila shaka yoyote. Lakini ikiwa inazipunguza kwa nusu ya asilimia tu, migawo hiyo haitoshi, kwa sababu kwa sampuli ya ukubwa huo bahati peke yake huyumbisha kipimo kwa karibu asilimia nzima kila upande. Mfano bora ninaoujua wa upendeleo mdogo uliohitaji subira kubwa hautoki kwenye kasino. Katika miaka ya 1890, mwanabiolojia Mwingereza W. F. R. Weldon alirusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306 na kuhesabu ni ngapi zilionyesha tano au sita. Dadu kamilifu zingetoa theluthi moja, yaani 0.3333, zake zilitoa 0.3377. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, wala mchezaji wa kawaida asingeihisi maisha yake yote, lakini katika marusho 315,672 ya dadu moja moja ilikuwa zaidi ya mara tano ya mkengeuko sanifu, kiasi ambacho bahati haiwezi kukieleza. Pearson aliitumia data hiyohiyo katika makala yake ya mwaka 1900.

Hadi hapa nimeuchunguza mgawo wa kwanza tu, lakini mwizi mwenye akili hatauchezea mgawo wa kwanza. Angeuacha safi, na angeiba kwenye karata za kujaza, tena kwenye tukio adimu lenye malipo makubwa. Hili limewahi kutokea. Mwaka 1989, kampuni ya American Coin ya Las Vegas iligunduliwa kuwa imeweka katika mashine zake programu zilizowanyima wachezaji ushindi mkubwa, na baadaye ilipoteza leseni yake. Kwa mtu anayejali haki katika mchezo wa bahati, ninaona kwamba hakuna tukio zito kuliko hili, kwa sababu waliocheza mashine zile walifanya kila kitu sawasawa, wakavumilia ukame wakidhani ni bahati yao, na hawakuwa na namna ya kujua.

Hebu tuone kama mmoja wao angeweza kujua. Uwezekano wa karata za kujaza unajulikana vizuri kama ule wa mgawo wa kwanza, maadamu tunahesabu kwa kufuata kile kilichoshikwa. Aliyeshika karata nne za flashi ana karata 9 zinazomfaa kati ya 47, yaani karibu asilimia 19. Aliyeshika jozi na kutupa karata tatu zisizofanana ataiboresha katika asilimia 28.7 ya nyakati. Matukio haya hutokea mara kwa mara, na mashine inayoyachezea itafichuka upesi. Sasa mchukue aliyeshika karata nne za flashi ya kifalme: inayomfaa ni moja tu kati ya 47. Ikiwa mashine imepangwa kutoitoa karata hiyo kamwe, anahitaji kukosa mara 140 mfululizo ndipo uwezekano wa kukosa kote huko kwenye mashine ya haki ushuke hadi asilimia 5. Lakini kugawiwa karata nne za flashi ya kifalme kwenyewe hutokea mara moja katika michezo kama 2,765. Zidisha mara 140 na utapata michezo karibu 387,000 kwa ajili ya dalili dhaifu inayoweza kumjia hata mchezaji mmoja kati ya 20 wa mashine ya haki. Akitaka dalili ya mmoja kati ya 100, anahitaji kukosa mara 214, na michezo inakaribia 600,000.

Hizi ndizo namba zilizonifanya niache kuamini kwamba takwimu za mchezaji mmoja ni ngao ya kutosha. Uadimu wa tukio humlinda mwizi kuliko kufuli lolote, kwa sababu pale ambapo fedha nyingi hukusanyika katika tukio moja ndipo pia ushahidi hukusanyika polepole kuliko kote.

Tuulize pia wizi huo ungemgharimu mchezaji kiasi gani. Flashi ya kifalme huchangia karibu asilimia 1.98 ya marejesho yote ya mashine ya tisa kwa sita: malipo ya mara 800 yakigawanywa kwa michezo 40,400. Mashine inayoziiba zote, bila kuacha hata moja, inamchukulia mchezaji asilimia hiyo. Sasa tazama jedwali la malipo la mashine iliyo jirani yake, ambayo hulipa mara 8 badala ya 9 kwa tatu pamoja na jozi, na mara 5 badala ya 6 kwa flashi. Mengine yote ni yaleyale, na karata zinatoka kwa haki tupu. Marejesho yake ni asilimia 97.30. Mabadiliko hayo mawili madogo, yaliyoandikwa kwa wino unaosomeka na kuruhusiwa na sheria, yanamchukulia mchezaji takriban asilimia 2.2, yaani zaidi ya mwizi anayeziiba flashi zote za kifalme. Malipo hayo mawili yakishuka hadi mara 6 na mara 5, marejesho ni asilimia 95 tu, na bado mashine ni halali kabisa, kwa sababu Nevada inadai kwamba mashine irejeshe kinadharia angalau asilimia 75.

Sisemi hivyo ili kuupunguza uzito wa wizi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu bei na kumwibia, na aliyeisoma bei akakubali hajaonewa. Lakini nimewaona watu wakitumia nguvu nyingi kuishuku mashine kuwa na hila ya siri ilhali hawajawahi kulinganisha mistari miwili ya jedwali lililo mbele yao. Kwa mtu anayejali fedha zake, uchunguzi wa kwanza ni kusoma, na unachukua muda mfupi kuliko kucheza mchezo mmoja.

Kwa wale watakaoendelea kuandika kumbukumbu, na ninawaheshimu, hatari kubwa haiko kwenye fomula. Iko kwenye namna data inavyokusanywa. Pearson mwenyewe alikutana nayo kabla hajabuni jaribio lake. Mwaka 1894 aliandika kuhusu mchezo wa ruleti, yaani gurudumu la namba, katika kasino ya Monte Carlo baada ya kuchambua matokeo yaliyochapishwa gazetini, na akakuta kwamba yalikuwa mbali mno na yale ambayo bahati ingeweza kuyatoa. Alifikia hatua ya kupendekeza kasino ifungwe. Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba ruleti haikuwa na kosa: waandishi waliotumwa kuyanakili matokeo walikuwa wakiyabuni, na binadamu anayebuni bahati huibuni vibaya. Hesabu za Pearson zilikuwa sahihi. Kilichopinda kilikuwa kumbukumbu.

Kumbukumbu za mchezaji hupinda kwa njia za kimyakimya zaidi. Anaanza kuandika siku ambayo mashine imemkasirisha, hivyo sampuli yake imeanzia katikati ya ukame aliouchagua mwenyewe. Au anaacha kuandika pale matokeo yanapofikia ubaya aliokuwa akiutafuta, na kwa kuwa jumla ya kai-mraba hupanda na kushuka kadiri data inavyoongezeka, anayeitazama kila baada ya michezo mia na kusimama inapovuka mstari ataikuta imevuka mara nyingi kuliko asilimia 5 iliyoahidiwa. Au anajaribu vitu 20 tofauti, jozi, ree, kopa, mfululizo, karata iliyotupwa kurudi, kisha anaripoti kimoja kilichovuka mstari, ilhali katika majaribio 20 ya mashine safi kimoja kinatazamiwa kuvuka. Dawa yake inajulikana na haina mkato: andika kabla ya mchezo wa kwanza utachunguza nini, kwa michezo mingapi, na kwa kiwango gani, kisha usibadilishe. Ikiwa jambo la ajabu litajitokeza ambalo hukuliorodhesha, lichukue kama swali jipya, na ulijaribu kwa data mpya.

Wakaguzi wa serikali nao hufungwa na hesabu hiyohiyo. Kanuni za Nevada zilitaja jaribio la kai-mraba kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kuwa kipimo cha unasibu wa mashine. Lakini kati ya mashine 1,000 zilizo safi kabisa, 50 hivi zitaanguka katika jaribio moja la kiwango hicho, kwa hiyo kuanguka mara moja kunadai jaribio lirudiwe na hakutoi hukumu. Nguvu ya kweli ya mkaguzi ni kwamba anaweza kuendesha mamilioni ya michezo maabara bila kusubiri mtu abonyeze kitufe, na kwamba anaweza kuisoma programu na kuilinganisha na ile iliyoidhinishwa.

Kusoma programu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, na aliyeonyesha hivyo alikuwa mkaguzi. Ron Harris alikuwa mtumishi wa bodi ya udhibiti wa kamari ya Nevada, mwenye kazi ya kuzichunguza mashine, naye aliingiza katika baadhi yake programu iliyolipa zawadi kubwa pale mtu alipoingiza sarafu kwa mpangilio maalumu wa siri. Alikamatwa mwaka 1995, baada ya mshirika wake kushinda keno, mchezo wa kubashiri namba, katika mji wa Atlantic City nchini Marekani katika mazingira yaliyotia shaka. Fikiria jaribio lolote la takwimu dhidi ya mashine ya namna hiyo: asiyeujua mpangilio wa siri hawezi kuufuata kwa bahati katika maisha yake yote, hivyo data yote atakayoikusanya itakuwa ya mashine ya haki. Kai-mraba hupima kilichotokea. Haliwezi kusema lolote kuhusu tawi la programu ambalo halijawahi kuamshwa.

Kwa hiyo ni nini kinachobaki mikononi mwa wachezaji? Nadhani ni kuunganisha kumbukumbu. Wachezaji 50 wanaotumia mashine za mtengenezaji mmoja zenye mchezo uleule, kila mmoja akiandika michezo 10,000 kwa utaratibu waliokubaliana mapema, watakuwa na michezo 500,000. Kwa mgawo wa kwanza, sampuli hiyo ingekamata upungufu wa jozi mdogo kama robo ya asilimia. Kwa karata nne za flashi ya kifalme, wangekuwa na matukio karibu 180, na wangetazamia kuikamilisha mara tatu au nne. Wasipoikamilisha hata mara moja, uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati ni karibu asilimia 2. Kiasi hicho kinatosha kuwapelekea mamlaka ombi la kuifungua mashine na kuilinganisha programu yake na iliyoidhinishwa, likiambatanishwa na kila ukurasa wa kumbukumbu, pamoja na mpango ulioandikwa kabla ya mchezo wa kwanza, ili mkaguzi aweze kuirudia hesabu yote yeye mwenyewe.